Kupanda Ronas Hill, Shetland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza na nchi za jirani, na kwa wageni wanaopanga safari ya kwenda Shetland. Ukiwa na haraka, ruka uende sehemu ya upepo na ukungu. Mengine yote unaweza kuyasoma ukiwa ndani ya meli.

## Mambo ya mwanzo

Ronas Hill kiko wapi?

Kiko Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti, kwenye nyuzi 60 na nusu kaskazini ya ikweta. Lerwick, mji mkuu wa visiwa hivyo, uko karibu zaidi na Bergen ya Norwei kuliko ulivyo karibu na Edinburgh. Kilima kimo katika Northmavine, pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa kikuu.

Northmavine inakaribia kuwa kisiwa peke yake. Imeshikamana na sehemu nyingine kwa shingo ya ardhi iitwayo Mavis Grind, yenye upana wa mita 33 hivi pale ilipo nyembamba kabisa. Upande mmoja ni maji ya Atlantiki, upande wa pili ni maji yanayotoka Bahari ya Kaskazini. Barabara inapita hapohapo. Simamisha gari mahali palipotengwa, ushuke utazame pande zote mbili. Wengi hupita mbio bila kujua walichokivuka.

Kina urefu gani?

Mita 450 kutoka usawa wa bahari. Ndicho kilele kirefu kuliko vyote Shetland. Kwa mtu aliyekulia karibu na Kilimanjaro, wenye mita 5,895, namba hiyo inaonekana ndogo mno. Usiitumie peke yake kuamua chochote kabla hujasoma jibu la "Kilima kidogo hivi kina hatari gani?" hapo chini.

Je, nitapata ugonjwa wa mwinuko?

Hapana. Hewa ya mita 450 haina tofauti unayoweza kuihisi na ile ya ufukweni. Ukihema sana, ni kwa sababu ya upepo, baridi au miguu isiyozoea ardhi laini.

Ardhi yake ikoje? Ni msitu, ni nyika, au ni mawe matupu?

Msitu hakuna. Shetland haina miti ila michache iliyopandwa na kukingwa, au iliyojibanza penye makorongo ambako kondoo hawafiki. Utakachokiona kuanzia barabarani ni nchi ya wazi ya rangi ya kahawia na kijani kilichofifia: nyasi ngumu, kuvumwani linalofyonza maji, na vichaka vya erika. Aliyewahi kulala Horombo akipanda Kilimanjaro anazijua erika. Kule zinaota hadi kumpita mtu kimo. Jamaa zao wa Shetland hawapiti ugoko, kwa sababu upepo hauwaruhusu.

Chini ya mimea hiyo kuna udongo mweusi wa mboji ya kinamasi. Kwa maelfu ya miaka mimea imekufa ndani ya ardhi iliyojaa maji na haikuoza ikaisha, ikarundikana tabaka juu ya tabaka. Wenyeji huukata vipande kama matofali, huuanika ukakauka, kisha huuchoma kama kuni. Ukiona mistari iliyochimbwa kwa unyoofu mlimani na vipande vyeusi vimesimamishwa vikiegemeana, hiyo ni kazi ya mtu na ni akiba yake ya majira ya baridi. Pita pembeni.

Kadiri unavyopanda, mboji inapungua, na kuanzia katikati ya safari unatembea juu ya mawe mekundu ya graniti. Hiyo ni faida kubwa ya kilima hiki: mguu unazama kidogo kuliko kwenye vilima vingine vingi vya Uskoti vya kimo chake.

## Kufika

Nahitaji viza gani?

Shetland ni sehemu ya Uingereza, kwa hiyo ukishaingia Uingereza hakuna ukaguzi mwingine wa uhamiaji ukielekea visiwani. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Uingereza. Viza ya Schengen haisaidii hapa, na swali hili huulizwa sana na ndugu zetu walioko Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi. Raia wa Oman huomba kibali cha kielektroniki cha kusafiri badala ya viza.

Nifikeje Shetland?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege hadi uwanja wa Sumburgh, ulio kusini kabisa mwa kisiwa kikuu. Ya pili ni meli ya usiku kutoka Aberdeen hadi Lerwick, inayoondoka jioni na kufika asubuhi baada ya saa 12 hadi 14, kutegemea kama inapitia visiwa vya Orkney. Mimi napendelea meli. Unabeba gari lako na vyakula vyako, na mwili unapata usiku mzima wa kutambua kwamba unaondoka bara. Anayesumbuliwa na kichefuchefu baharini ameze dawa kabla meli haijang'oa nanga. Akishaanza kutapika dawa haitasaidia.

Kutoka Lerwick hadi mahali pa kuanzia ni mbali?

Ni kama kilomita 60, takribani saa moja kwa gari. Fuata barabara kuu ya A970 kuelekea kaskazini, upite kijiji cha Brae, uvuke Mavis Grind, uendelee hadi Collafirth. Hapo kuna kibarabara chembamba cha lami kinachopanda Collafirth Hill hadi penye milingoti ya mawasiliano. Brae ndipo penye duka na mafuta; usiache kujaza tangi ukidhani utapata mbele.

Leseni ya udereva ya Tanzania, Kenya au nchi nyingine inakuruhusu kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu uingie Uingereza. Barabara za pembeni zina njia moja tu, zenye vituo vidogo vya kupishana. Vituo hivyo si maegesho, hata kama barabara imekuwa tupu tangu asubuhi.

Naweza kwenda kwa basi?

Kuna mabasi ya kwenda Northmavine, lakini ni machache kwa siku, na kutoka kituoni bado una mlima wa Collafirth wa kupanda kwa miguu. Panga kurudi kabla ya kupanga kwenda. Ukikosa basi la mwisho, nyumba ni chache na teksi hazipiti zikitafuta abiria.

## Kupanda

Njia ya kawaida ni ipi?

Kutoka penye milingoti ya Collafirth Hill unaelekea magharibi na kusini-magharibi. Unashuka kidogo hadi kwenye tandiko, yaani sehemu ya chini kati ya vilima viwili, unapanda kilima cha Mid Field, kisha unafuata mgongo wa mlima hadi Ronas Hill chenyewe. Umbali ni kama kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Kwa sababu gari limekwisha kukupandisha zaidi ya mita 200, kazi iliyobaki ni ya wastani.

Kuna wanaopanda kutoka upande wa kusini, kwenye hori ya Ronas Voe, mkono mwembamba wa bahari ulioingia ndani ya nchi. Huko ni mwinuko mkali unaoanzia majini na hauachi hadi juu. Kwa mara ya kwanza sikushauri.

Itanichukua muda gani?

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida hutumia saa 2 hadi 3 kwenda na kurudi, bila kuhesabu muda wa kukaa kileleni. Ukiwa na watoto au ardhi ikiwa imelowa sana, panga saa 4. Hizi ni saa za siku njema.

Kuna njia iliyowekwa alama?

Hakuna. Hakuna mshale, nguzo za rangi wala ngazi. Utaona vijinjia vya hapa na pale vilivyopitwa na watu au kondoo, vinaanza vizuri kisha vinapotelea kwenye mawe. Chungu za mawe zipo, lakini nyingine hazina maana yoyote kwa msafiri. Usifuate chungu ya mawe kwa sababu tu imejengwa vizuri.

Siku ya wazi unauona mgongo wa mlima mbele yako na huhitaji zaidi. Hata hivyo chukua ramani ya karatasi na dira, na ujue kuzitumia. Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, inayofaa ni Explorer namba 469. Ramani ya simu ni msaada mzuri mpaka betri iishiwe nguvu kwa baridi, jambo linalotokea upesi kuliko watu wanavyotarajia. Weka simu mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kuna kiingilio? Nahitaji mwongozaji au wapagazi?

Hakuna geti, ada, kibali, mwongozaji wa lazima wala wapagazi. Watu waliozoea utaratibu wa hifadhi zetu hushangaa, hata huingiwa na wasiwasi kwamba wanavamia ardhi ya mtu. Ardhi ina wenyewe, lakini sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote ya wazi, mradi atembee kwa kuwajibika. Kuwajibika maana yake ni mambo ya kawaida ya adabu: geti uliache kama ulivyolikuta, usisumbue mifugo, uchafu wako urudi nao, usiharibu kazi ya mtu.

Upande wa pili wa uhuru huo ni kwamba hakuna anayejua kuwa uko mlimani. Hakuna kitabu cha kusaini wala askari wa zamu. Hilo linajibiwa zaidi kwenye "Naweza kwenda peke yangu?".

Msimu gani ni bora?

Mei hadi Septemba. Juni ina mwanga mwingi kuliko miezi yote: jua huchomoza kama saa 9 na dakika 40 alfajiri na kuzama saa 4 na nusu usiku, na kati ya hapo anga haliwi jeusi. Wenyeji wanauita mwanga huo wa usiku *simmer dim*. Agosti erika huchanua na nchi yote inageuka zambarau. Kama ningeulizwa nichague, ningechagua nusu ya pili ya Mei: siku ni ndefu, ndege wapo, na nyasi bado ni fupi.

## Upepo, ukungu na usalama

Kilima kidogo hivi kina hatari gani?

Hatari yake haitokani na kimo, inatokana na mahali kilipo. Upepo wa Atlantiki unafika hapa bila kuzuiwa na mlima, msitu wala mji. Hewa inayotoka baharini ni yenye unyevu, na ikilazimishwa kupanda mteremko inapoa na kugeuka wingu. Ndiyo maana unaweza kuondoka Lerwick kwenye jua, ukafika Collafirth ukakuta nusu ya juu ya kilima imetoweka.

Joto la wastani la mchana mwezi Julai huko Lerwick ni kama nyuzi 14 za Selsiasi. Kileleni ondoa nyuzi 3 hivi. Ongeza upepo na nguo zilizolowa, na mwili unaanza kupoteza joto haraka hata katikati ya kiangazi. Mtu aliyepoa kupita kiasi haanzi kwa kuanguka. Anaanza kwa kutetemeka, kujikwaa, kujibu maswali kwa mkato na kusema yuko sawa. Ukimwona mwenzako hivyo, mvishe, mpe kitu kitamu, mgeuze mrudi. Usimwombe ruhusa.

Mimi natazama namba mbili kabla ya kuwasha gari: kasi ya upepo na kimo cha mawingu. Zote mbili zikiwa nzuri, kilima hiki ni matembezi ya raha. Moja ikiharibika, ni kilima kingine kabisa, na mita 450 zake hazikusaidii kitu.

Upepo wa kasi gani ni mwingi mno?

Utabiri wa Uingereza hutoa kasi kwa maili kwa saa. Tazama namba ya mipigo ya ghafla, maana ile ya wastani inaficha mengi. Mipigo ya maili 40 kwa saa, yaani kama kilomita 65, inamyumbisha mtu mzima na kumwangusha mtoto. Ikifikia hapo mimi siendi. Ikiwa kati ya 30 na 40, naenda na watu wazima tu, na nakubali tangu mwanzo kwamba huenda tukaishia Mid Field.

Upepo ukikuwahi ukiwa juu, shuka upande usiopigwa, kaa chini ya mawe makubwa, na usisimame ukingoni mwa kitu chochote.

Nikishikwa na ukungu nifanye nini?

Simama kwanza, usiendelee kutembea ukitumaini utafunguka. Kilele cha Ronas ni kipana na cha mviringo, mawe yanafanana pande zote, na ukizunguka mara mbili kutafuta mahali pa kuketi umeshapoteza mwelekeo. Toa dira. Kurudi Collafirth ni kuelekea mashariki na kaskazini-mashariki, ukifuata mgongo uleule wa Mid Field.

Jua pia mahali usipotaka kwenda. Kusini ardhi inaporomoka kuelekea Ronas Voe. Magharibi kuna miteremko mirefu inayoishia kwenye majabali ya bahari. Kaskazini hakuna majabali ya karibu, lakini kuna nyanda kubwa tupu ya North Roe, imejaa vijiziwa visivyohesabika, haina nyumba wala barabara kwa kilomita nyingi. Aliyepotea kuelekea kaskazini haanguki. Anatembea tu hadi anachoka, na kuchoka akiwa amelowa kunatosha kumuua.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa kila ninayempeleka: pima mwelekeo wa kurudi kwa dira ukiwa bado unaliona gari. Ni kazi ya nusu dakika.

Nikiumia nimwite nani?

Piga 999 au 112, omba polisi, kisha useme unahitaji uokoaji wa mlimani. Helikopta ya walinzi wa pwani iko Sumburgh, kwa hiyo msaada upo ndani ya visiwa, ingawa katika ukungu mzito watu huja kwa miguu. Toa mahali ulipo kwa namba za gridi za ramani kama unaweza.

Mtandao wa simu mlimani hukatikakatika. Ujumbe mfupi hupita mahali ambapo sauti haipiti, lakini huduma ya kutuma ujumbe kwa 999 inataka ujisajili kabla. Tuma neno "register" kwenda 999 ukiwa bado nyumbani na ufuate maelekezo. Filimbi nayo ibebe: mipigo sita kwa dakika, pumziko la dakika moja, kisha rudia.

Naweza kwenda peke yangu?

Unaweza, na wengi huenda. Mwachie mtu maelezo kamili: unaanzia wapi, njia gani, utarudi saa ngapi, na baada ya saa ngapi apige simu. Mwenye nyumba uliyofikia anafaa kabisa kwa kazi hii, na Shetland hakuna atakayeona unamsumbua. Ukirudi, mwambie umerudi. Kusahau hilo kumewatoa watu vitandani usiku kwenda kumtafuta mtu aliyekuwa amelala.

## Mavazi, chakula na maji

Nivae nini?

Viatu vya kupandia mlima vinavyoshika kifundo, soksi za sufu, koti na suruali za kuzuia mvua na upepo, sweta la sufu au fulana nzito ya kukausha jasho, mzula na glavu. Ndiyo, glavu mwezi Julai. Jinzi ziache, zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la miguu. Gambuti zinafaa kwa kinamasi cha chini, ila juu ya graniti zinachosha.

Akina mama na dada wanaovaa buibui au dera wameniuliza hili mara nyingi. Nguo ndefu pana inashika upepo kama tanga, na kwenye mawe inakanyagwa. Suruali pana ya mvua na koti linalofika magotini huleta stara ileile bila hatari hiyo. Hijabu ya kuvuta kichwani, isiyo na pini, hukaa vizuri chini ya kofia ya koti.

Nibebe chakula gani?

Chochote unachoweza kula kwa mikono iliyoganda. Tende, karanga, maandazi na chapati zilizokunjwa na mayai hufanya kazi kuliko vyakula vingi vya dukani. Chupa ya chai ya tangawizi ni ya lazima kwangu. Beba zaidi ya unavyodhani utakula.

Naweza kunywa maji ya mlimani?

Yana rangi ya kahawia kwa sababu ya mboji, na rangi yenyewe haina madhara. Tatizo ni kondoo, wanaochunga kila mahali. Beba maji yako, au uyachemshe.

## Kileleni

Nitaona nini juu?

Siku ya wazi, karibu Shetland yote. Kisiwa cha Foula kinasimama peke yake kusini-magharibi, visiwa vya Unst na Yell viko kaskazini-mashariki, na chini yako hori ya Ronas Voe imejipinda kuzunguka mguu wa mlima. Bahari iko pande zote. Hapo ndipo mtu anaelewa kwamba Shetland ni uti mwembamba wa ardhi uliokatwakatwa na maji. Hakuna mahali katika visiwa hivi palipo mbali na pwani zaidi ya kilomita 5 hivi.

Lile rundo la mawe lenye tundu ni nini?

Ni kaburi la kale lenye chumba ndani, lililojengwa na wakulima wa Enzi ya Mawe, maelfu ya miaka iliyopita. Walibeba na kupanga mawe haya makubwa mahali pa juu kuliko pote katika nchi yao, bila chuma. Watu haohao, au jirani zao, walichimba jiwe gumu huko Beorgs of Uyea, kaskazini ya hapa, wakalichonga kuwa mashoka na visu vilivyong'arishwa hadi kuwaka. Visu vya namna hiyo vinatambulika leo kwa jina la Shetland.

Tafadhali usiongeze jiwe, usiondoe jiwe, wala usilitumie kama choo au kizuizi cha upepo cha kuwashia jiko. Nimeona yote. Ni kaburi la watu.

Mbona mawe yamejipanga kwa mistari na ngazi? Nani ameyapanga?

Hakuna aliyeyapanga. Ni kazi ya baridi na upepo. Maji ndani ya udongo yakiganda yanavimba na kuinua mawe. Yakiyeyuka yanayashusha, kila mara kidogo kuelekea chini ya mteremko. Mawe makubwa yanatengana na mchanga, na upepo unakata majani upande mmoja na kuyaacha yaote upande wenye kinga. Baada ya miaka mingi panatokea mistari na ngazi za majani. Kwingine Uingereza unahitaji kupanda milima mirefu zaidi kuliko hii mara mbili ili kuona kitu kama hicho kikiendelea kutokea. Hapa kinatokea kwenye mita 400, na mimea midogo ya nchi za Aktiki, kama mierebi isiyozidi kidole kwa kimo, inaishi katikati yake. Kanyaga mawe, acha majani. Kipande kilichong'oka na kiatu hakirudi upesi.

Kuna ndege wanaowashambulia watu?

Wapo. Ndege mkubwa wa kahawia aitwaye *bonxie* na wenyeji hulinda kiota chake kwa kushuka kwa kasi kuelekea kichwa cha mtu, kati ya Mei na Julai. Buabua wa Aktiki nao wanadonoa. Inua fimbo juu ya kichwa chako, maana wanalenga sehemu ya juu kabisa, kisha geuza njia utoke eneo lake. Usikimbie, na usimpige.

Mwaka 2021 na 2022 mafua ya ndege yaliua *bonxie* wengi sana Shetland. Waliobaki wana thamani kubwa, na eneo hili limehifadhiwa kimataifa kwa ajili yao na ndege wengine wa vijiziwani. Ukikuta ndege aliyekufa, usimguse.

## Maswali ya pekee

Nitaswalije huku juu, na nitajuaje kibla?

Kibla kutoka Ronas Hill ni kusini-mashariki, kama nyuzi 125 kwenye dira. Adhuhuri na alasiri hazina shida, ila upepo utakulazimisha kuswali nyuma ya mawe na kuegesha mkoba juu ya mkeka. Ugumu uko kwenye isha ya Juni, kwa sababu wekundu wa machweo hauondoki kabisa kabla ya alfajiri. Wanazuoni wametoa njia zaidi ya moja kwa nchi za namna hii. Kubaliana na imamu wako kabla ya safari, usiachie programu ya simu ikuamulie. Anayefunga mchana wa karibu saa 19 asipange kupanda siku hiyo.

Naweza kuja na watoto?

Wenye umri wa miaka minane kwenda juu na waliozoea kutembea, ndiyo, siku tulivu. Wadogo zaidi hupoa mapema kuliko watu wazima na hawasemi. Masharti ya upepo yako hapo juu, na kwa watoto yapunguze nusu.

Na mbwa?

Kamba fupi muda wote, hasa Aprili hadi Julai, kwa ajili ya wanakondoo na viota vya chini. Baada ya matembezi mkague kupe, nawe ujikague.

Je, majira ya baridi?

Desemba jua linachomoza baada ya saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 alasiri. Barafu juu ya graniti, dhoruba zinazofuatana na mchana wa chini ya saa 6 vinaacha nafasi ndogo mno ya kukosea. Kama hujawahi kupanda kwa viatu vya miiba ya barafu, subiri Mei.

Naweza kushuka hadi ufukwe wa Lang Ayre?

Lang Ayre ni ufukwe wa mchanga na changarawe nyekundu chini ya majabali, upande wa magharibi, na ni miongoni mwa fukwe za upweke kuliko zote Uingereza. Kuunganisha kilele na ufukwe kunageuza matembezi ya asubuhi kuwa safari ya siku nzima, saa 6 au 7. Mwisho wa mteremko ni korongo kali la mawe yanayoteleza, na ukishafika chini hakuna njia nyingine ya kutoka ila kulipanda tena. Nenda tu kama umekwisha kupanda Ronas kwa njia ya kawaida, una wenzako, na utabiri ni mzuri hadi usiku. Angalia pia kujaa na kupwa kwa maji.

Ni kweli kuna Waholanzi waliozikwa hapo chini?

Ni kweli. Mapema mwaka 1674, wakati wa vita kati ya Uingereza na Uholanzi, meli ya biashara ya Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, Wapen van Rotterdam, ilijificha Ronas Voe baada ya kuharibiwa na dhoruba ikiwa safarini kuelekea Bahari ya Hindi. Meli za kivita za Kiingereza zikaifuata ndani ya hori na kuiteka. Mabaharia waliouawa walizikwa ufukoni, na mahali hapo panaitwa hadi leo kaburi la Waholanzi. Liko upande wa kusini wa hori, ng'ambo ya mlima, na unalifikia kwa barabara ya Heylor, si kwa kushuka kutoka kileleni.